Maji Kifuani mwa Telesforo

Maiti ilikuwa imeketi.

Telesforo Marcano, mwimbaji aliyejulikana katika milima yote ya katikati ya Trinidad, alikutwa Jumanne asubuhi ndani ya banda la kukaushia kakao. Mgongo wake uliegemea magunia matatu na kichwa kilikuwa kimeinamia kushoto, kama mtu anayejaribu kusikia kitu ubavuni mwake. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya buluu. Damu hakuna. Jeraha hakuna. Paa la banda lilikuwa limesukumwa wazi kwenye reli zake, na jua la Desemba lilishaanza kupasha kakao iliyotandazwa sakafuni.

Inspekta Ermine Joefield alichuchumaa mbele yake. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mazoea ya kutazama mikono ya maiti kabla ya uso. Mikono hii ilikuwa safi, kucha ndefu upande wa kulia kwa ajili ya nyuzi za gitaa.

"Nge," alisema Koplo Ragbir nyuma yake. "Kijiji kizima cha Santa Brígida kinasema nge, Afande. Alimuuma wiki tatu zilizopita na tangu siku hiyo hajasimama vizuri."

"Nani alimwona huyo nge?"

"Kijiji kizima."

"Ragbir."

"Hakuna aliyemwona, Afande."

Daktari wa wilaya alikuwa amekataa kutia saini cheti cha kifo. Ndiyo maana wao walikuwa pale. Mtu wa miaka sitini na moja aliyeumwa na nge hufa siku hiyohiyo au ya pili yake, au hapo hapo anaanza kupona. Hasubiri wiki tatu.

"Kwa nini alikaa humu badala ya kulala kitandani?" aliuliza Joefield.

Aliyejibu alikuwa binti wa marehemu, Altagracia, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Alikuwa na miaka ishirini na saba, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, na hakuwa amelia. "Akilala chali alikuwa anakosa pumzi. Humu kuna hewa."

"Mama, ulimwona mara ya mwisho saa ngapi?"

Joefield alikuwa akimuuliza mjane, Bonifacia, aliyesimama mlangoni pa jiko amejitanda shali mabegani ingawa joto lilikuwa kali. Altagracia ndiye aliyejibu tena.

"Jana jioni. Mama alimletea uji."

"Nimemuuliza mama."

"Jana jioni," alisema Bonifacia. "Nilimletea uji."

* * *

Daktari Seukeran alifanya uchunguzi wa maiti Jumatano, katika chumba cha maiti cha mjini. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya upole, na hakuwa na haraka hata siku moja. Ijumaa asubuhi, majibu ya maabara yalipofika, aliwaita.

"Kaeni. Nimetoa lita mbili na nusu za maji upande wa kushoto wa kifua."

Ragbir alitoa macho. "Alizama?"

"Kwenye banda la kakao, Koplo? Maji hayakuwa ndani ya pafu. Yalikuwa nje yake, kati ya pafu na ubavu. Yamejaa hadi pafu limesinyaa likawa kama kitambaa kilichokamuliwa. Rangi yake chai ya rangi iliyokolea. Nikajiuliza, yametoka wapi? Maabara imenijibu. Yamejaa kimeng'enya cha kongosho, mara mia kadhaa ya kiasi unachokikuta kwenye damu ya mtu mzima."

"Kongosho liko tumboni," alisema Joefield.

"Liko nyuma ya tumbo, limelala juu ya uti wa mgongo. Juisi yake kazi yake ni kusaga nyama. Ikikosa njia, inasaga chochote kilicho karibu. Hii ilipanda nyuma, ikapenya kwenye kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, ikaingia kifuani. Polepole. Siku baada ya siku."

"Na nge?"

"Nge wa kisiwa hiki anaweza kulichoma kongosho likawaka moto. Nimewaona wavunaji wa kakao na nazi wakiletwa hapa wanatapika na kujikunja. Kwa hiyo mtu akisema nge, hakuna anayemcheka. Lakini nge halipasui." Daktari aliweka kidole juu ya kitovu chake mwenyewe, akakipandisha kiasi cha vidole vitatu. "Kongosho la huyu limepasuka katikati, pale linapovuka uti wa mgongo. Na hapa, chini ya ngozi, ndani ya msuli, kuna mvilio wa damu unaofifia. Mviringo. Kama kitako cha glasi."

"Alipigwa."

"Alisukumwa kwa kitu chenye kichwa cha duara, kwa nguvu sana, mara moja. Wiki tatu hivi zilizopita."

"Pombe je?"

"Ini lake safi kama la mtoto. Kwenye nyongo hakuna mawe."

Joefield aliandika. Kisha akauliza swali ambalo huwa hapendi kuliuliza. "Angepona?"

"Sindano moja kati ya mbavu, maji yanatolewa, jioni hiyohiyo anapumua. Halafu kulazwa, miezi pengine. Wengi hupona." Daktari aliinuka. "Kuna jambo moja zaidi. Njooni."

Aliigeuza maiti ubavu. Kwenye mgongo, upande wa kushoto, kulikuwa na mistari mitatu mifupi ya wino, mmoja juu ya mwingine. Wa chini ulikuwa umefutika nusu. Wa juu ulikuwa bado mweusi.

"Uganga?" alinong'ona Ragbir.

Daktari hakucheka. Aliligonga pipa la maji lililokuwa pembeni, kwa ncha ya kidole, juu kisha chini. Juu lililia. Chini halikulia. "Mgongo wa mtu ni hivyohivyo. Unagonga ukishuka, na sauti inapokufa, hapo ndipo maji yalipofikia. Ukitaka kujua kesho kama yamepanda, unachora mstari. Aliyechora hii alijua anachokifanya, Inspekta. Na mstari wa juu haukuwa na hata siku tatu alipokufa."

 

* * *

Kabla ya kwenda alikojua anapaswa kwenda, Joefield alipita kwa Crisanto, mdogo wa marehemu. Wote walijua ndugu hao waligombana hadharani mwezi Novemba kuhusu nani ataongoza kundi la waimbaji wa Krismasi. Alimkuta akikata matawi ya mikakao.

"Uligombana na kaka yako."

"Kila mwaka tunagombana. Yeye anataka kuimba nyimbo zote, mimi nipige njuga kama msukule."

"Ulimpiga?"

Crisanto alicheka, kisha akaona uso wa Inspekta na kicheko kikakatika. "Mimi? Telesforo? Hajazaliwa mtu wa kumpiga Telesforo."

"Siku aliyoumwa na nge ulikuwa wapi?"

"Jumapili ile? Tarehe kumi na nane. Nilikwenda kumchukua kwa mazoezi. Nikamkuta jikoni kwenye benchi, amejikunja, ameshika tumbo, jasho linamtoka. Nikamwuliza kulikoni. Akasema nge."

"Kamuuma wapi?"

"Nikamwuliza hivyohivyo. Mguuni? Mkononi? Akasema, 'Nge, nimekwambia. Basi.'"

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Alta alikuwa anaokota vyombo vilivyovunjika. Shemeji alikuwa nje, amekaa chini kwenye vumbi." Crisanto aliugeuza upanga mkononi. "Hakuniangalia."

"Hukuona ajabu?"

"Inspekta, yale ni mambo ya nyumba ya mtu."

"Yapi?"

"Kaka alipenda nyumba yake itulie, hivyo tu," alisema, na akarudi kukata matawi.

* * *

Zahanati ya Santa Brígida ilikuwa chumba kimoja na kibaraza. Altagracia alikuwa likizo ya msiba, na mlango ulikuwa umefungwa. Lakini mzee mmoja alikuwa ameketi barazani hata hivyo, miguu imevimba kama magogo. Alijitambulisha kwa jina la Ganpat. Miaka arobaini alikuwa mkata miwa, na sasa moyo wake ulikuwa umechoka kabla yake.

"Sista hayupo, mzee," alisema Ragbir.

"Najua. Nimekuja kukaa. Nyumbani mke wangu ananisema."

"Anakusema kwa nini?"

"Kwa sababu sijafa. Ameshashona nguo ya msiba."

Ragbir alicheka. Joefield alikaa kando ya mzee. "Sista Altagracia anakutibu vizuri?"

"Ah, mwanangu! Yule ana vidole. Kila Alhamisi ananigonga mgongo kama anabisha hodi. Yule daktari mzungu aliyekuwa akija zamani ndiye aliyemfundisha. Akimaliza ananichora, halafu ananiambia, 'Mzee, maji yamepanda, leo unakwenda mjini.' Mara mbili amenipeleka mwenyewe, nikiwa kwenye gari la machungwa."

"Naomba nione mgongo wako, mzee."

Ganpat aliinua shati bila haya. Mstari mfupi wa wino mweusi ulikuwa pale, chini ya bega, umenyooka.

Joefield aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akalishusha lile shati taratibu.

"Sista ana shida?" aliuliza mzee.

"Pumzika, mzee wangu."

* * *

Jikoni kwa Marcano kulikuwa na mvuke. Mama na binti walikuwa wakifunga vyakula vya unga wa mahindi na nyama kwenye majani ya mgomba, kwa ajili ya watu watakaokuja mazishini kesho. Pembeni ya meko kulikuwa na kinu cha kutwangia kakao iliyokaangwa, na mchi wake umesimama ndani. Joefield aliuchukua, akautazama kichwa chake. Ulikuwa mti mgumu, laini kwa miaka ya kushikwa, na duara.

Bonifacia alifuta mikono kwenye aproni.

"Ni mimi," alisema.

"Mama!"

"Nyamaza, Alta. Ni mimi, Inspekta. Tuligombana, nikampiga na huo. Niandikie nitie saini."

Joefield alimpa ule mchi. "Nionyeshe."

Bonifacia aliupokea kwa mkono wa kushoto. Akajaribu kuushika na wa kulia. Mkono ule ulipanda hadi usawa wa kifua, ukakwama, ukatetemeka. Shali ilianguka. Juu ya kiwiko mfupa ulikuwa umepinda, kama tawi lililovunjika likaachwa lijiunge lenyewe. Mchi ulimponyoka, ukabingirika sakafuni.

Hakuna aliyeuokota.

"Huo mkono umevunjika lini, mama?" aliuliza Joefield.

"Nilianguka."

"Mara ngapi?"

Altagracia alivuta kiti, akamkalisha mama yake, akamrudishia shali begani. Kisha akasimama wima mbele ya Inspekta, mikono nyuma, kama anayesubiri zamu kubadilishwa.

"Uliza unalotaka kuuliza. Niulize mimi."

"Si lazima useme lolote, Altagracia. Ukisema, litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Najua."

"Nani alimpiga baba yako?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa anamenya kakao, na huku anaimba polepole. Wimbo wa baba. Akakosea neno." Altagracia alisema haya bila kupandisha sauti. "Neno moja. Baba akainuka kitini, akamkamata mkono uleule, akaanza kuupinda. Mimi nilikuwa natwanga. Sikufikiri. Niliusukuma mchi kwa nguvu zangu zote."

"Akaanguka?"

"Aliketi. Kwanza alicheka. Halafu rangi ikamtoka. Alipopata sauti akasema, 'Mtu akiuliza, ni nge.' Hakutaka ijulikane kapigwa na binti yake."

"Yeye ndiye alikataa hospitali?"

"Wiki mbili za mwanzo, ndiye. Alisema daktari ataona alama. Alitapika siku tatu, kisha akapata nafuu kidogo, kisha pumzi ikaanza kuwa fupi. Nikamgonga mgongo."

"Ukasikia maji."

"Nikasikia maji. Nikachora mstari. Nikajiambia, yakipanda vidole vinne, nampeleka mjini atake asitake." "Nilipotoka bandani nikamkuta mama kwenye kiti hiki. Amelala. Saa saba mchana, mdomo wazi, nzi anamtambaa kwenye shavu na yeye hana habari. Miaka yangu yote, Inspekta, sijawahi kumwona mama yangu amelala mchana. Alikuwa halali. Hata usiku alikuwa anasikiliza."

"Endelea."

"Maji yakapanda vidole vinne. Nikachora mstari mwingine."

Joefield alisikia kalamu ya Ragbir ikisimama, kisha ikaanza tena.

"Na wa tatu?"

"Jumapili."

"Jumapili baba yako alisema nini?"

Altagracia alitazama sufuria. Mvuke ulikuwa ukiinua kifuniko na kukiacha.

"Altagracia. Aliomba?"

"Aliomba."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwanangu, nipeleke. Waambie lolote, sema ni wewe, nipeleke tu.' Alikuwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Baba, mwenye sauti ile." Aliinua uso. "Nikamwambia, kesho."

"Na Jumatatu?"

"Nikamwambia, kesho."

Bonifacia alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Ilionekana wazi hili hakulijua.

"Ungeweza kumwokoa," alisema Joefield. Hakulisema kama shutuma. Ilikuwa lazima liandikwe.

"Gari la machungwa linapita saa tatu kila siku. Saa moja na nusu hadi mjini. Ndiyo, ningeweza. Nimewaokoa wengi kwa njia hiyohiyo. Ule mchi, Inspekta, nitamwambia hakimu ulikuwa bahati mbaya, maana ni kweli. Ile 'kesho' haikuwa bahati mbaya. Nilitaka mama alale."

Joefield alikuwa amewakamata wezi, wauaji wa mapanga, na mtu mmoja aliyechoma nyumba ikiwa na watu ndani, na kila mara alikuwa akijua aweke wapi hasira yake. Leo aliitafuta na hakuipata. Telesforo Marcano aliyaomba maisha yake mara mbili, na aliyeombwa alikuwa mtu pekee kijijini aliyejua jinsi ya kuyaokoa. Hilo lilikuwa kosa, na kosa kubwa. Alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha mfukoni.

"Tutakwenda bila hizi. Chukua sweta."

Altagracia alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Alimpiga busu mama yake utosini. "Zile za kwenye sufuria bado dakika ishirini, mama. Usizitoe mapema."

Alitangulia nje mwenyewe.

Joefield alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti ya Bonifacia nyuma yake. Mjane hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Ragbir.

"Huyu nilishamwona hapa."

Ragbir alifunga daftari. Shingo yake ilikuwa imesimama kama mti.

"Ragbir?" alisema Joefield.

"Miaka sita iliyopita, Afande. Nilikuwa konstebo." Hakuwa na mzaha hata chembe sasa. "Jirani alipiga simu kituoni. Kelele. Nilikuja na mwenzangu. Marehemu alitufungulia mlango anatabasamu. Alitupa kakao ya moto. Akachukua gitaa, akatuimbia nyimbo mbili."

"Na mama?"

"Alikuwa jikoni. Amegeuka ukutani." "Tuliandika kwamba yamekwisha."

"Nilisikia mkicheka," alisema Bonifacia. "Nikasema, basi. Hakuna mwingine wa kumwita." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni. "Na alikuwa hanywi, unajua? Angekuwa anakunywa, watu wangesema ni pombe. Mimi mwenyewe ningesema ni pombe."

Nje, Altagracia alishaingia kiti cha nyuma cha Land Rover na kufunga mlango. Joefield alimtazama kupitia dirishani, kisha akamtazama mama. Kesi ya binti ingemfikisha mbele ya watu tisa wa baraza la kuamua kesi, waliompenda yule mwimbaji, waliocheza nyimbo zake kila Krismasi. Wangesikia habari za sindano moja ambayo haikuchomwa. Wangesikia "kesho" mara mbili. Kitu kingine wasingekisikia, isipokuwa mtu mmoja akikisema, na huyo hajawahi kukisema kwa yeyote.

Akavuta kiti kingine, akakaa karibu na meko.

"Mama Bonifacia. Maelezo ya binti yako ninayo. Sasa nataka yako. Si ya Jumapili ile. Yote."

"Ni mengi."

"Nina siku nzima."

"Atakayeandika nani?"

Joefield alimgeukia koplo. Ragbir alikuwa bado mlangoni, kofia mkononi. Alisogea, akapiga goti kando ya meza ili uso wake uwe chini ya uso wa yule mama, akafungua ukurasa mweupe.

"Mimi, mama," alisema. "Nikikosea, niambie nifute."

Bonifacia aliuweka mkono wake uliopinda juu ya meza, mahali wote wawili wangeuona. Alitafakari kidogo, midomo ikisogea kama anayehesabu.

"Basi tuanze na mwaka wa kwanza," alisema.